Mkono Huuma kwa Niaba ya Wengine

Mtu akilalamika nyumbani kwamba mkono unamuuma, jibu la kwanza atakalopata ni "umeulalia vibaya", na la pili ni kuletewa dawa ya kuchua. Mara nyingi majibu hayo hayana ubaya. Sehemu kubwa ya maumivu ya mkono hutoka kwenye misuli, kano na viungo vya mkono wenyewe, na hupona mwili ukipewa muda, hata kama dawa ya kuchua ingebaki kwenye kichupa chake. Shida huja pale watu wanapotaka kuamua kama waende hospitali au wasiende, kwa sababu wengi hutumia kipimo kimoja tu, nacho ni ukali. Unauma sana, nenda. Unauma kidogo, vumilia. Kipimo hicho hudanganya huku na huku. Bega lenye kano iliyochubuka linaweza kumnyima mtu mzima usingizi usiku kucha bila kumtishia maisha, ilhali shambulio la moyo linaweza kufika kama uzito tu mkononi, kitu ambacho mgonjwa huona aibu hata kukiita maumivu. Na mkono uliopigwa na kiharusi kwa kawaida hauumi hata chembe. Ninachokitetea hapa ni kwamba ukali uwe swali la mwisho. Yanayotangulia ni haya: maumivu yalianzaje, ni nini kinachoyaamsha na kuyatuliza, na yameongozana na nani.

Kwanza tuone kwa nini mkono huuma hata pale usipokuwa na kosa. Neva zake hutoka kwenye uti wa mgongo shingoni na mwanzo wa kifua, zikapita chini ya mtulinga, kwapani, nyuma ya kiwiko na ndani ya kifundo, hadi zikafika kwenye ncha za vidole. Zikibanwa popote njiani, ubongo huweza kuyasikia maumivu kule zinakoishia, si pale zilipobanwa. Juu ya hilo, viungo vya ndani kama moyo havina mlango wao peke yao wa kupelekea habari. Hupita kwenye milango ileile ya uti wa mgongo inayotumiwa na ngozi na misuli. Waliokua enzi za barua watakumbuka jinsi kijiji kizima kilivyotumia sanduku moja la posta, la shule au la misheni. Ubongo ni kama karani anayepokea barua za S.L.P. hiyo: miaka nenda miaka rudi zilizotoka humo zilikuwa za mkono, basi na hii anaihesabu ya mkono. Habari za moyo huingia kwenye pingili za juu za mgongo wa kifua, jirani kabisa na zinapoingia habari za upande wa ndani wa mkono, ule wa kidole kidogo. Mgonjwa anaposhika mkono na kusema "ni hapa", hasemi uongo. Karani wake ndiye aliyekosea anwani.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1768 daktari Mwingereza William Heberden aliwaeleza madaktari wenzake mjini London juu ya watu wanaokabwa kifuani wakiwa wanatembea, hasa wakipanda mlima na hasa baada ya kula, kisha wakisimama tu hali inakwisha. Aliona pia kwamba maumivu hayo mara nyingi hushuka hadi katikati ya mkono wa kushoto. Yeye mwenyewe hakuitaja mishipa ya damu ya moyo kuwa ndiyo chanzo. Hilo lilikuja kujulikana baadaye. Lakini alichokiona kwa macho tu kinatupa hadi leo swali moja lenye faida kuliko yote katika suala hili, na halihitaji mashine: mkono wako unauma ukitumia mkono, au unauma ukitumia miguu? Mkono unaouma ukiinua ndoo, ukikamua nguo au ukijaribu kufunga zipu ya gauni mgongoni unajieleza wenyewe. Mkono uliotulia kabisa ubavuni, lakini unaanza kuwa mzito mwenye nao akipanda ngazi au kilima, na unatulia dakika chache baada ya kupumzika, huo unasema kwa niaba ya moyo. Mtu wa namna hiyo amwone daktari ndani ya siku chache, na asisubiri mpaka auone uzito huo hata akiwa amekaa.

Uzito huo ukija mtu akiwa ametulia na usiondoke ndani ya dakika kumi au kumi na tano, au ukifuatana na kubanwa kifua, jasho la baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi au maumivu ya taya, hiyo ni dharura. Hapa kuna imani mbili zinazofaa kuvunjwa. Ya kwanza ni kwamba moyo huuma mkono wa kushoto tu. Huuma pia wa kulia na huuma yote miwili, na maumivu yanayoenea mikono yote miwili huwapa madaktari shaka kubwa zaidi ya moyo. Ya pili ni kwamba lazima kifua kiume. Wanawake, wazee na watu wenye kisukari hupata mara nyingi zaidi shambulio lisilofuata desturi: uchovu wa ghafla, pumzi fupi, tumbo kuchafuka, mkono kuwa mzito. Kisukari cha miaka mingi huharibu hata neva zinazopeleka habari za moyo, hivyo barua haifiki kabisa. Kwa mtu anayeshukiwa hivyo, kitu cha maana cha kufanya njiani ni kutafuna aspirini ya miligramu 300, iwapo haimdhuru na hana vidonda vinavyovuja damu tumboni, na kutafuta gari. Asiendeshe mwenyewe, wala asipakiwe kwenye bodaboda ikiwa kuna usafiri mwingine. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi katika saa za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake huwa imepungua sana. Palipo na vifaa, kama katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, mshipa huzibuliwa kwa mrija mwembamba, na mara nyingi mrija huo huingizwa kwenye kifundo cha mkono. Njia ambayo moyo uliitumia kulalamika inatumika kuufuata.

Kosa ninaloliona kuwa baya zaidi hufanyika dukani, kabla ya hospitali. Mtu mwenye presha au kisukari, mkono wake umekuwa ukimsumbua, anakwenda duka la dawa na kuomba "kitu cha maumivu", na anapewa diklofenaki, wakati mwingine kwa sindano. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwamo, zinafanya kazi nzuri kwa kano na viungo. Lakini hupandisha presha, huchosha figo, huweza kutoboa tumbo, na diklofenaki hasa huongeza hatari ya shambulio la moyo na haitakiwi kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo pale mkono unapouma kwa niaba ya moyo, dawa hiyo inadhuru mara mbili: inamzima mjumbe na inamwongezea mgonjwa ugonjwa wenyewe. Siwalaumu wauzaji. Aliyeulizwa dawa ya mkono atauza dawa ya mkono.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni magonjwa ya watu wanene wa mjini, na kwamba mkulima aliyekonda hana haja ya kuyawaza. Presha haiangalii kiuno. Watu wengi wanayo bila kujua kwa sababu hawajawahi kupimwa, sigara huziba mishipa ya mwembamba kama inavyoziba ya mnene, na kwa mtu wa miaka 40 na kuendelea kupima presha na sukari mara moja kwa mwaka ni jambo linalofanyika hata kwenye zahanati. Wengine watasema, "Nilipimwa umeme wa moyo nikaambiwa ni mzima." Kipimo hicho kinaonyesha moyo ulivyo dakika ileile, na katika shambulio linaloanza kinaweza kuonekana safi kisha kikabadilika nusu saa baadaye. Hospitali makini hukirudia, na inapoweza hupima damu zaidi ya mara moja kwa tofauti ya saa kadhaa. Kama dalili zinarudi, jibu la juzi si kinga ya leo.

Moyo si mtumaji pekee anayetumia sanduku la wengine. Msuli wa kupumulia uliotenganisha kifua na tumbo huhudumiwa na neva inayotoka shingoni, mahali pamoja na neva za ncha ya bega. Damu ikivujia tumboni na kuugusa msuli huo kutoka chini, bega ndilo linalouma. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hili lina maana moja nzito: mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ikipasuka inaweza kuanza na tumbo la chini kuuma, kizunguzungu, na maumivu ya ncha ya bega yanayozidi akilala chali. Bega lenyewe halina kosa lolote ukilipapasa na kulizungusha. Mwenye hali hiyo, hasa aliyekosa siku zake au anayeona matone ya damu, anaweza kupoteza maisha kwa saa chache huku ndugu zake wakimkanda bega kwa maji ya moto. Kwa mvutaji sigara wa siku nyingi, uvimbe katika ncha ya juu ya pafu unaweza kubana neva zinazopita hapo na kuleta maumivu ya bega na upande wa ndani wa mkono yasiyopoa usiku wala mchana, pengine kope ya jicho la upande huo ikilegea. Ni ugonjwa wa nadra, lakini wanaoupata huwa wametibiwa bega kwa miezi mingi kabla ya mtu kufikiria kupiga picha ya kifua.

Shingo ni jirani wa karibu zaidi na hutuma barua nyingi kuliko wote. Diski iliyo kati ya pingili ikitokeza, au pingili zikiota mifupa midogo kwa umri, neva inayotoka hapo hubanwa. Maumivu yake huwa kama umeme au moto, hushuka kutoka shingoni kupita nyuma ya bega hadi kwenye vidole, na huzidi mtu akigeuza kichwa upande unaouma. Wengi hugundua wenyewe kwamba wakiweka kiganja juu ya kichwa wanapata nafuu. Vidole vinavyokufa ganzi huonyesha neva iliyobanwa: dole gumba huelekeza kwenye neva ya sita ya shingo, kidole cha kati kwenye ya saba, kidole kidogo kwenye ya nane. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, na inakaa juu ya kichwa ambacho chenyewe kina kilo nne au tano. Si ajabu shingo ya mchota maji au ya kuli wa sokoni kuchoka mapema. Habari njema ni kwamba wengi wa wenye neva iliyobanwa shingoni hupata nafuu ndani ya wiki sita hadi miezi mitatu bila upasuaji, kwa kupunguza mizigo, dawa za maumivu kwa muda mfupi, na mazoezi wanayofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia.

Hapa mtu mwenye uwezo huuliza kwa nini asipige tu picha ya MRI amalize ubishi. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani walipiga picha za namna hiyo shingo za watu 63 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Walikuta kasoro kubwa kwa asilimia 14 ya waliokuwa chini ya miaka 40 na asilimia 28 ya waliozidi umri huo. Maana yake, picha inaweza kukuonyesha diski iliyotokeza ambayo haihusiki kabisa na mkono wako, kisha ukaishi na hofu, au ukatibiwa kitu ambacho hakikukuuma. Picha ina thamani pale dalili zimekwisha kuuliza swali: mkono unapopoteza nguvu siku hadi siku, miguu inapoanza kuwa mizito au kuyumba, haja ndogo inapokuwa ngumu kuianza au kuizuia. Hizo zinaonyesha uti wa mgongo wenyewe unabanwa, na hapo siku moja ya kuchelewa ni nyingi. Shingo au mgongo unaouma wiki baada ya wiki pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda unataka uchunguzi wa kifua kikuu, ambacho hakikai mapafuni peke yake. Hukaa hata kwenye pingili.

Chini kidogo, kifundoni, kuna njia nyembamba inayopitisha neva moja na kano tisa za vidole. Kano zikivimba neva hukosa nafasi. Msusi, fundi cherehani, mama lishe anayesonga ugali wa watu hamsini, mwenye kuchapa kompyuta, na pia mjamzito ambaye mwili wake umejaa maji, wote hao huweza kuamka usiku wa manane dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vikiwa na ganzi na kuchoma, wakakung'uta mkono mpaka utulie. Kidole kidogo hakihusiki, na hilo ndilo linalotofautisha tatizo hili na la kiwiko. Kifaa cha kunyoosha kifundo kinachovaliwa usiku kinasaidia wengi. Lakini nyama ya chini ya dole gumba ikianza kubonyea, au vikombe vikianza kuponyoka mkononi, muda wa kusubiri umekwisha, kwa kuwa neva iliyobanwa mno haifufuki yote hata baada ya upasuaji.

Ganzi ya kidole kidogo hutoka mara nyingi kwenye kiwiko, kwa mtu anayekiegemeza mezani au dirishani mwa gari siku nzima. Ila katika nchi zetu kuna jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka. Ukoma bado upo, na neva inayopita nyuma ya kiwiko ni mojawapo ya zile ambazo ugonjwa huo huzipenda. Neva ikiwa nene kama kamba chini ya ngozi, kidole kidogo kikianza kujikunja, na mahali popote mwilini kukiwa na baka lililofifia lisilosikia mguso, usiende kwa mchuaji. Dawa za ukoma hutolewa bure, na zikianza mapema mkono hauharibiki. Vivyo hivyo, mkono au bega likichoma kama moto upande mmoja bila sababu, subiri kidogo kabla ya kulichua na uangalie ngozi: mkanda wa jeshi huanza kwa maumivu, na malengelenge hutokea siku moja hadi tano baadaye. Dawa yake hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokeze, na kwa kijana ni busara kupima VVU siku hiyohiyo.

Baada ya hao wote, mkono wenyewe hauna mengi ya kutisha. Bega linalouma ubavuni mwa juu mkono unapoinuliwa usawa wa kichwa, likaamsha mtu anapolilalia, ni la kano. Bega lililogoma kuzunguka upande wowote, hata likisukumwa na mtu mwingine, limeganda. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60 na wenye kisukari, na huchukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea. Kiwiko kinachouma upande wa nje unapokamua nguo au kushika nyundo kimechoshwa, na huweza kudai karibu mwaka. Tiba yake kubwa ni kupunguza kazi inayoamsha maumivu bila kuufunga mkono kabisa, kwa sababu kiungo kisichotumika huganda. Maji ya moto, barafu, kuchuliwa kwa upole: chagua kinachokupa raha.

Na hapa ndipo wanapokuja wanaotetea mchuaji wao. Amemponya shangazi, amemponya jirani, kwa nini asiaminiwe? Sina ugomvi na mikono yake. Lakini ugonjwa unaopona wenyewe ndani ya wiki sita humtajirisha sifa kila aliyekuwapo wiki ya tano. Kuponya kano zilizochoka si ushahidi kwamba mtu anaweza kutambua moyo, ukoma au mfupa uliovunjika, na huo wa mwisho ndio unaoleta majuto makubwa zaidi.

Msimu wa maembe watoto huanguka. Mtoto wa miaka mitano hadi saba akianguka kutoka mtini na kutua kwa mkono ulionyooka, mfupa huvunjika juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mshipa mkubwa wa damu na neva tatu zimepita karibu sana. Wafunga mifupa wa asili wana ujuzi wao, na mifupa mingi iliyovunjika bila kuhama huunga vizuri mikononi mwao kama ambavyo ingeunga popote. Hatari yao haiko kwenye dawa za majani. Iko kwenye kufunga. Vijiti na vitambaa vikikazwa siku ya kwanza, kabla uvimbe haujafika kilele, mkono huvimba ndani ya kifungo kisichotanuka, damu ikakosa njia, na misuli huanza kufa baada ya saa sita hivi. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza mwaka 1881 jinsi bandeji zilizokazwa zinavyouacha mkono umejikunja kama kucha za ndege, na hali hiyo ina jina lake hadi leo. Plasta ya hospitali nayo huweza kuileta, kwa hiyo tahadhari hii ni ya kila anayefunga. Alama ya mapema ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua baada ya kufungwa, na mtoto kupiga kelele vidole vyake vikinyooshwa taratibu na mtu mwingine. Ukiona hivyo, au vidole vikiwa baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, legeza kifungo chote saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na mfungaji alisema kisiguswe kwa wiki moja, na mpeleke hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kusubiri ubaridi wa vidole au kupotea kwa mapigo ni kusubiri mno. Pete na bangili zitoke mapema, kabla ya uvimbe, na kwa mkono wowote ulioumia.

Kwa watoto wadogo zaidi kuna mambo matatu ya kujua. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne aliyevutwa kwa mkono mmoja, akaukataa mkono huo ghafla na kuuning'iniza bila uvimbe, pengine kiwiko chake kimechomoka kidogo. Mhudumu anayejua hukirudisha kwa sekunde chache. Mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili mwenye viganja au nyayo zilizovimba na kuuma apimwe seli mundu, maana Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nayo, na hiyo ndiyo mara nyingi dalili yake ya kwanza. Na kiungo chenye joto, kilichovimba, ambacho mtoto au mtu mzima hataki kisogezwe hata kidogo, pamoja na homa, kina usaha ndani mpaka ithibitike vinginevyo. Usaha hula gegedu kwa siku chache.

Nilisema kiharusi hakiumi. Nalirudia kwa kuwa ndicho kinachoiangusha kabisa hesabu ya ukali. Mkono uliolegea ghafla, mdomo ukapinda, maneno yakachanganyika: mgonjwa huambiwa alale kidogo, kwa vile hakuna panapouma. Dawa ya kuyeyusha damu katika ubongo, pale inapopatikana, ina dirisha la saa nne na nusu tu tangu dalili ya kwanza, na kabla ya kupewa lazima kichwa kipigwe picha ya CT. Usingizi wa mchana unatosha kulifunga dirisha hilo.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la nauli. Hospitali ya mkoa iko mbali, bima haipo au imekwisha, na makala kama haya yanaweza kuonekana yanamfukuza kila mwenye maumivu ya bega aende rufaa. Nadhani ni kinyume chake. Anayepima kwa ukali ndiye anayetumia fedha ovyo: anakimbilia picha na sindano kwa kiwiko kilichochoka, kisha anakosa nauli siku mkono mzito usiouma sana unapokuja na jasho. Anayepima kwa tabia anaweza kukaa nyumbani kwa amani wiki mbili hadi sita na maumivu yanayofuata matumizi ya mkono, yasiyo na homa, uvimbe, ganzi wala upungufu wa nguvu. Anaweza kwenda kituo cha afya wiki hii kwa ganzi isiyoondoka au kwa uvimbe mpya kwapani. Na anajua kwamba kuna mambo yasiyongoja kesho: mkono mzito wenye jasho na pumzi fupi, mkono uliolegea ghafla, bega la mwanamke mwenye tumbo linalouma na kizunguzungu, kiungo cha moto chenye homa, kifungo kinachozidi kuuma, mkono wote uliovimba na kuwa wa samawati kwa ghafla, mkono uliopinda baada ya kuanguka.

Ukifika mapokezi, usiseme "mkono unauma" na kunyamaza. Neno hilo litaandikwa kwenye karatasi, na karatasi itakupanga kwenye foleni ya mifupa. Anza na wale walioongozana na mkono: "Nimekosa pumzi, natoka jasho, na mkono ni mzito." "Sijaona siku zangu wiki ya saba, tumbo na bega vinauma." Kisha taja saa yalipoanza, dawa zote ulizokunywa tangu hapo, zikiwamo za majani na sindano ya dukani, na kama una presha, kisukari, ujauzito au seli mundu. Ukiambiwa usubiri na hali ikabadilika ukiwa kwenye benchi, inuka ukaseme tena, au umtume uliyekuja naye.